Goti Zima la Bingwa

Shoga, uko wapi? Nina hasira kweli.

Si unajua wiki hii mimi ndiye ninayewachua na kuwafunga bandeji wachezaji kwenye haya mashindano ya tenisi ya ukumbini? Leo nusu fainali, yule bingwa aliyebandikwa kwenye mabango yote alikuwa anachapwa na mgeni asiyejulikana. Mara akashika goti, akaomba matibabu. Mechi ikasimama, nikakimbia na mkoba wangu.

Nikalikunja, nikalinyoosha. Goti zima kama langu na lako.

Akainama, akaninong'oneza, "Endelea kushikashika tu, daktari. Nataka mwenzangu apoe mwili."

Apoe! Mimi ndiye naambiwa hivyo, huku yeye amekunja uso kama anang'olewa jino.

Ukumbi mzima ukaanza kuzomea. Na sheria ni kwamba mchezaji akisema anaumwa, siwezi kumkatalia. Basi nikapiga magoti pale nalipaka dawa goti lisilo na kitu, na mgeni amekaa kwenye kiti jasho linamkaukia kwa baridi ya kiyoyozi.

Waliporudi uwanjani, mgeni hakuufikia mpira wowote wa maana. Bingwa kashinda, kawaambia waandishi nina mikono ya baraka.

Sasa hivi mgeni kaingia chumba changu cha matibabu anachechemea. Kifundo kimeumuka kama mkate. Aliteguka mechi ilipoanza tena, mwili umeshapoa.

Nikamuuliza kwa ukali kwa nini hakuniita.

Akasema, "Nilisikia watu walivyowazomea nyie wawili, dada. Nikaogopa wataniona naigiza na mimi."