Kitabu Nilichodhani Ni Changu

Phetchaburi,
Mwezi wa pili wa mfungo wa watawa

Dada yangu Lamiat,

Nakuamkia nikiwa nimekutanisha viganja kifuani kama mama alivyotufundisha, ingawa najua utasema Prayong kaniamkia huku kajilaza. Sijajilaza. Nimekaa mezani na miwani puani. Magoti yako yanaendeleaje? Ngazi za nyumba yako bado wazipanda, au wajukuu wamekuhamishia chini kama walivyotishia? Na huko Hat Yai mvua imepungua? Huku kwetu inanyesha kila alasiri, na nguo hazikauki.

Sisi hatujambo, au tuseme hatukuwa na jambo mpaka wiki iliyopita. Simu sikutaka kupiga. Kwenye simu ungenikata kauli, nami ningepata kisingizio cha kutosema yote.

Lilianza na binti yangu Orathai. Unamjua, tangu apate kazi Bangkok twamwona wakati wa Songkran tu, mwaka mpya wetu. Anatumwagia maji viganjani, anaomba baraka, na kesho yake keshaondoka. Basi mwezi huu amekuja Jumamosi tatu mfululizo, na kila akija ana daftari. Ananifuata jikoni, anauliza vitunguu natia vingapi, nazi naikamua mara ngapi, nani alinifundisha kukaanga kamba wakavu. Nikamwambia tangu lini yeye na jiko wakapatana, maana hata wali wake huwa na moyo mbichi. Akacheka, akasema, “Mama nawe, mtu akitaka kujifunza mpaka umshuku?” Macho yake hayakucheka, dada. Mtoto niliyemzaa mwenyewe hawezi kunificha macho.

Jumamosi ya pili akataka picha. Alitoa albamu zote kabatini, akachagua chache, kisha akanivalisha hariri ya zambarau na kunikalisha dirishani anipige nyingine. Nikamuuliza picha ni ya nini. Akasema ya kumbukumbu. Neno hilo sikulipenda, maana kwetu picha ya mzee aliyevalishwa hariri akakalishwa kwenye mwanga mzuri tunajua mwisho wake ni wapi. Huwekwa mbele ya jeneza, na nakala yake huchapwa kwenye kile kitabu wanachogawiwa watu siku ya kuchoma maiti, kama tulivyomfanyia baba.

Hapo nikaelewa. Nina ugonjwa, wao wameambiwa, mimi nimefichwa. Si ndivyo tulivyomfanyia mama? Alikufa akidhani ana vidonda vya tumbo, na sisi sote tukimtazama na kutabasamu. Sasa zamu ilikuwa yangu kutabasamiwa.

Thawin ndiye aliyenithibitishia. Mume wangu huyu tumebishana miaka arobaini na sita, kuhusu feni, kuhusu chumvi, kuhusu njia ya kwenda hekaluni ambayo ni moja tu. Ghafla akawa mpole. Nikisema hivi, anasema sawa, Mama Orathai. Nikisema vile, anasema sawa vilevile. Siku moja nikamkuta anaosha vyombo. Moyo ulinipasuka, dada. Nikamwendea jirani yetu Somchit kumweleza. Yeye akashika kiuno, akaniambia, “Una nini wewe mwanamke? Mumeo akikugombeza unamshtaki, akikubembeleza unamshuku. Nipe mimi huyo mwosha vyombo, nikurudishie Jumapili!” Nikamjibu kwamba mtu habembelezwi bure akiwa na miaka sabini na moja.

Nikaenda hospitali peke yangu, nikasema naenda sokoni. Walinitoa damu, wakanipiga picha ya kifua, wakanishikashika tumbo. Daktari akaniambia moyo wangu ni wa msichana, nirudi nyumbani nikale. Sikumwamini. Nilidhani Orathai amekwisha zungumza naye. Nikamwambia mtu mzima hatishiwi nyau, kama nakufa aniambie. Kijana wa watu alinitazama kana kwamba mimi ndiye ninayemtisha.

Niliporudi nyumbani nikawa nasikiliza mlangoni. Naona haya kuandika, lakini nilikuwa nahesabu vidonge vyangu vya presha kuona kama wamenibadilishia. Usiniulize kama nililia. Nililia. Nilifikiria mambo ya ajabu, kwamba sijawahi kuiona bahari ya upande wenu, kwamba nina mapazia mapya nimeyahifadhi miaka tisa nikisubiri mgeni wa maana. Niliyatoa siku hiyohiyo nikayatundika. Thawin akasema yamependeza, nami nikamchukia kwa kusema hivyo.

Jumamosi iliyopita Orathai alimpeleka baba yake hekaluni kutoa sadaka. Mkoba wake aliuacha juu ya kiti. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, nikaufungua. Ndani mlikuwa na kurasa zilizopigwa chapa, tayari kwa mchapishaji. Nilizitoa nikijiandaa kuiona sura yangu.

Ilikuwa ya Thawin, dada. Amevaa shati jeupe, ananitazama. Chini yake, “Kwa kumbukumbu ya Bwana Thawin,” na mwaka wa kuzaliwa, na mbele ya mwaka huo nafasi tupu. Nikafunua kurasa nikitafuta historia yake, kazi yake ya kupima mifereji, nishani yake. Hakuna. Ni mapishi yangu mwanzo hadi mwisho, na picha yangu ya dirishani katikati.

Waliporudi walinikuta nimekaa sakafuni na zile kurasa mapajani. Orathai alianza kulia kabla sijasema neno. Thawin alivua viatu taratibu, akaketi karibu nami kwa shida, akasema ini ndilo lenye matatizo, na madaktari hawadhani atavuka majira ya baridi. Nikamuuliza kwa nini aliwaambia wote asiniambie mimi. Akasema, “Ungenihesabia pumzi, Mama Orathai. Ungelala unanitazama kama polisi. Nilitaka tuishi kidogo kama zamani.” Nikamwambia zamani hukuosha vyombo. Akasema kweli, hapo alikosea, ndipo alipojichongea.

Nikamuuliza tena, mbona kitabu chako hakina wewe? Akasema watu wakipewa kitabu cha sifa za marehemu hukitupa kabatini, yeye anataka watu wapewe kitu watakachokitumia jikoni. Kisha akasema maneno haya, nami nakuandikia kama alivyoyasema, “Mifereji niliyoipima nusu yake imefukiwa, wamejenga juu yake. Nikijiuliza nimefanya nini duniani, naona nimekaa kwenye meza yako nikala, na wewe upo. Hayo mengine ni vyeti.”

Sasa, dada, ndipo nilipofika. Nadhani umekwisha jua ninakokwenda, maana wewe hujua.

Ukurasa wa kwanza wa kitabu hicho ni mchuzi wa nyama kwa tunda changa la mvumo, ile mivumo yetu inayofanana na minazi. Thawin mwenyewe ameandika juu yake mistari michache: kwamba aliula nyumbani kwa baba yetu, alipokuja kupima mfereji nyuma ya shamba, na kwamba wiki tatu baadaye aliwatuma wazee wake wakamposee binti aliyeupika.

Aliuliza siku ile nani kapika. Bakuli nilikuwa nimelibeba mimi, nikasema ni mimi. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni pa jikoni, mikono imejaa viungo. Nilikuona. Ulinyamaza, ukarudi ndani, na mpaka leo hujalisema. Walipokuja wazee wake ulinisuka nywele wewe mwenyewe. Mwaka uliofuata ukakubali kuolewa kusini, mbali kuliko wote waliokuja kukuposa.

Sikuwahi kuupata mchuzi ule. Nilijua unaukamua mvumo kwa chumvi, na kuna kitu ulikuwa unatwanga pamoja na viungo, na nisingeweza kukuuliza ni nini bila kukiri. Miaka arobaini na sita nikiupika Thawin anasema, “Mtamu, lakini si kama wa siku ile.” Anasema kwa upendo, hajui anachokisema. Mimi nikaanza kushuku kwamba ana mwanamke anayempikia pengine. Nilimfuata, dada. Mara tatu nilimfuata sokoni, nikamwona akiagiza mchuzi wa mvumo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule, akionja kijiko kimoja na kutikisa kichwa. Badala ya kuelewa, niliwachukia wale wauzaji. Mmoja nilimtukana mbele ya wateja wake. Ujana wangu wote, na utu uzima wangu, nimekaa na mume mwema nikimchunga kama mwizi, na mwizi nilikuwa mimi.

Na wewe nilikushuku. Ulipokosa kuja harusini kwangu nilisema unangoja niumbuke. Ulipotuma zawadi nilizigeuza chini juu nikitafuta kijembe. Sikukikuta hata kimoja.

Jana nimechukua kalamu, nikakata jina langu juu ya mchuzi ule, nikaandika lako. Keshokutwa kurasa zinarudi kwa Thawin azikague, na anakagua kila neno. Nitakaa naye akifika hapo. Naogopa kuliko nilivyokiogopa kifo changu mwezi huu wote. Huenda akaondoka duniani amenikasirikia, na atakuwa na haki.

Msamaha sikuombi kwa karatasi. Nakuomba uje, Lamiat. Panda treni, Orathai atakupokea stesheni na atakushika mkono kwenye ngazi. Thawin hali sana sasa, vijiko viwili vitatu, lakini vijiko viwili vinatosha. Nyama, mvumo na kinu nitakutayarishia, na unachotwanga sitakichungulia. Ukishapika, bakuli libebe mwenyewe mpaka mezani. Mimi nitasimama mlangoni pa jikoni, pale uliposimama wewe.

Wasalimie watoto na wajukuu wote, kila mmoja kwa jina lake. Thawin hajui kwamba nakuandikia, angekuletea salamu. Orathai anakuamkia. Watawa watuombee sote tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Prayong