Kanga ya Tatu

Shikamoo bibi, mke wangu!

Huku Temeke jua linatukaanga. Jana tumesimamisha kando ya barabara sanamu yangu ya vyuma chakavu: mama mwenye ndoo kichwani, kiuno nimekiiba kwako. Hata nati ya mwisho hatujakaza, mzee wa Kiarabu mwenye duka hapo ng'ambo akaja na kanga. "Nyie watoto, mama wa watu mnamwacha uchi barabarani?" Akamfunga kifuani. Msimamizi wetu akaivua. Kugeuka tu, mama lishe kamvisha nyingine. Leo asubuhi nimemkuta kajitanda na ya tatu!

Basi usione haya, bibi, Temeke imekustiri. Ila roho inaniuma: watu wasiokujua wamekuvisha kanga tatu, mie mumeo sijakununulia hata moja.

Akupendaye, mjukuu wako,
Selemani