Damu Kwenye Mswaki

Korogwe, 2 Septemba 1974

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi na mume wangu Athuman hatujambo, na mimba inakwenda vizuri. Vipi hapo kijiji kipya, nyumba umeshaiezeka?

Nilipokuja kukuona niliona damu kwenye mswaki wako, nikanyamaza kwa kuwa wanafunzi wako wa chuo walikuwa wameshaketi kukusubiri uwasomeshe Kurani. Sasa nasema. Juzi kliniki muuguzi Hosiana alitukagua vinywa sisi wajawazito, na mimi nina damu vilevile. Anasema inaletwa na ukoga, ule uchafu unaoganda kwenye shina la jino. Ukiachwa, ufizi huvimba, huachana na jino, na jino hulegea hata kama halijatoboka. Piga mswaki taratibu asubuhi na kabla ya kulala, mpaka upande wa ndani. Tumbaku nayo iache, baba. Halafu uje, daktari wa meno akukwangue huo ukoga.

Mwanao,
Chausiku

Handeni, 25 Oktoba 1974

Kwako mwanangu Chausiku,

Marahaba. Namshukuru Mungu nimefunga Ramadhani yote nikiwa mzima. Shida ni chakula, jua limekausha mahindi yote. Msalimie Athuman.

Habari ya damu usiwe na wasiwasi. Mwezi wa mfungo niliogopa nisije nikaimeza, swaumu ikaharibika, basi nikauweka mswaki kando kabisa. Na tangu niuache sioni damu tena. Kumbe ni mswaki uliokuwa unanichuna. Nimepona.

Chuo kimejaa. Tangu tuhamishiwe hapa watoto wa kila kitongoji wako jirani, na wengine hawajui hata alifu. Nitawaachaje, nije Korogwe kukwanguliwa meno? Jitunze wewe na hiyo mimba.

Baba yako,
Mwalimu Mbwana

Korogwe, 9 Novemba 1974

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, ila barua yako imenitia hofu. Nilimsomea Hosiana, akatikisa kichwa. "Mwambie mzee hajapona," akasema. "Damu haionekani kwa sababu hakuna kinachogusa fizi. Ugonjwa uko pale pale, unazidi kushuka chini." Mimi nilifuata maneno yake. Mwanzo damu ilinitisha, baadaye ikakoma, na fizi zimekaza.

Niambie ukweli: ukigusa meno kwa ulimi, yanacheza?

Natarajia kujifungua Februari. Tunataka wewe ndiye umwadhinie mtoto sikioni. Mimi nimekua nikiisikia sauti yako alfajiri, na yeye aanze kwa kuisikia hiyo hiyo. Ukija tutakwenda kwa daktari pamoja.

Mwanao,
Chausiku

Handeni, 20 Machi 1975

Mwanangu,

Umeamkaje na uzazi? Mtoto ananyonya? Najua mlinisubiri.

Novemba sikukujibu kwa sababu uliniuliza swali, na jibu lake lilikuwa ndiyo. Meno ya mbele ya juu yalikuwa yanacheza. Moja likatoka nikila muhogo. Halikuuma, wala halikuwa na tundu. Mengine yakafuata. Siku moja nikawa nawasomesha watoto herufi ya tha, ile inayotaka ncha ya ulimi iguse meno ya juu. Ulimi wangu ukatoka nje bila kugusa kitu. Nikawaambia waseme kama mimi, nao wakasema kama mimi, upepo mtupu. Hawakunicheka, Chausiku. Walidhani ndivyo inavyosomwa. Hapo nikavunjika moyo. Nilikuwa nawafundisha makosa, nao wananiamini. Chuo nimemwachia kijana wangu Mwinjuma.

Ujumbe wa Athuman ulinifikia kwamba umejifungua msichana. Nikapanda basi, nikafika Korogwe. Pale stendi nikakaa kwenye benchi, nikaijaribu adhana kwa sauti ya chini. Ikawa inatoka miluzi. Mama mmoja muuza ndizi akaniuliza, "Mzee, unaumwa?" Nikamwambia hapana. Basi la Handeni lilipoanza kupakia, nikapanda nikarudi.

Nisamehe.

Baba yako

Korogwe, 28 Machi 1975

Baba,

Shikamoo. Mtoto mzima, na jina lake ni la marehemu mama, Hamisa.

Tulikusubiri mpaka jua likazama, ndipo Athuman akamwadhinia, huku akijua kazi ile haikuwa yake. Nilikukasirikia. Nilidhani umetupuuza. Barua yako nilianza kuisoma nikiwa nimempakata mtoto, nikashindwa kuimaliza, Athuman akanisomea. Kutoka stendi hadi kwetu si mbali, baba. Ungemtuma mtu, ningekuja hivyo hivyo na mtoto mgongoni.

Nikitimiza arobaini nakuja kukuchukua. Hosiana anasema meno ambayo hayajalegea sana yanaweza kuokolewa. Usinijibu. Nisubiri tu.

Mwanao,
Chausiku

Handeni, 14 Julai 1975

Kwako mama Hamisa,

Natumaini nyote mmeamka vizuri, na mjukuu wangu ameshaanza kukaa mwenyewe. Mimi tangu nirudi kutoka kwenu afya ni njema. Meno yaliyobaki baada ya daktari kukwangua ule ukoga na kung'oa yaliyoshindikana yametulia. Napiga mswaki kama alivyonionyesha. Damu ilitoka siku za mwanzo, sikuogopa, ikakoma. Tumbaku sigusi. Watu hapa wakinilalamikia fizi nawaambia wasiache mswaki, waende zahanati mapema. Wananisikiliza. Wakikiona kinywa changu hawabishi.

Siku ile naondoka uliniuliza mbona sikumsomea mtoto hata sura fupi, nikajifanya nawahi basi. Nilimsomea, mwanangu, ila kimoyomoyo, midomo nimeifunga.

Jana asubuhi nilikuwa nimekaa uani, nikamsikia mtoto mmoja chuoni anasoma. Alipofika kwenye herufi ya dhali, ambayo nayo inataka ulimi uguse meno ya juu, akaitamka kama zee. Nikasubiri Mwinjuma amrekebishe. Hakumrekebisha, labda hakusikia. Mtoto akarudia, vile vile. Nikainuka, nikaenda mpaka mlangoni. Wote wakasimama. "Shikamoo mwalimu!" Nikamtazama yule mtoto, nikafungua kinywa.

"Marahaba, wanangu," nikasema. "Endeleeni."

Nikarudi uani.

Baba yako,
Mbwana