Ruhusa ya Mke wa Aubri

Jumatano ya Majivu, 23 Februari 1200

Aubri amechukua msalaba, ameapa kwenda vitani Yerusalemu. Mume wangu! Mtu aliyerudi juzi kutoka gulio la Troyes akalalamika siku tatu nzima kwamba kitanda cha wageni kilikuwa na unyevu.

Mhubiri mgeni alilia, watu wakalia, hata mimi chozi lilinitoka. Alisema Yerusalemu imechukuliwa na sisi tumekaa tu tunakula maharagwe. Aubri akasimama. Nilidhani mguu umemfa ganzi. Akaenda mpaka mbele, akapiga magoti. Kitambaa chekundu cha kukatia misalaba kilikuwa kimekwisha, basi akaja upande wa wanawake na kuninong'oneza nimpe joho langu. Joho la harusi! Wakakata pindo lote, wakamshonea msalaba begani. Sasa linanifika magotini.

Nikajifunika kilichobaki. Kanisa zima lilikuwa linanitazama.

Alhamisi, 24 Februari

Leo hapiti mlangoni bila kutanguliza bega la kulia, msalaba uonekane. Msaga unga amemwinamia. Mama mkwe, Bibi Ameline, alimtazama muda mrefu akamuuliza kama bega lina jipu.

Jumamosi, 26 Februari

Alikwenda kwa mzee Garnier, yule mwenye sikio moja, aliyewahi kufika Yerusalemu akarudi. Amerejea hana hamu ya kula. Garnier kamweleza habari za bahari: wiki sita merikebuni, mikate ina funza, wagonjwa wanafungwa kwenye shuka na kutupwa majini. Aubri hutapika kwenye kivuko cha mto Seine, na pale mtu akitema mate yanafika ng'ambo.

Nilimpikia samaki, mkunga mnono. Akasema anafunga.

Jumapili, 27 Februari

Padri Thierri alikuja baada ya misa. Alikunywa kikombe kizima kabla ya kufungua mdomo. Kumbe sheria ya Kanisa inasema mwanamume mwenye mke haendi vitani bila mkewe kuridhia. "Kwa sababu ya… haki za ndoa," alisema akikitazama kikombe. Masikio yalimwiva. Akasema atakuja na mashahidi Jumapili ya tarehe kumi na tisa Machi, kusikia jibu kutoka kinywani mwangu.

Aubri alinigeukia. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, sijapata kuona uso ukipona haraka namna ile.

"Itakuwa vigumu sana kwako, Hersende," akasema, sauti tamu kama asali. "Najua utakataa. Sitakulaumu."

Nikainamisha macho. "Mimi ni nani, bwana wangu, nimzuie Mungu?"

Bibi Ameline alipaliwa na divai.

Jumatano, 1 Machi

Aubri amenikumbusha kwamba paa la zizi linavuja. Nikamwambia nitamwita seremala. Akanikumbusha mbwamwitu. Nikasema tuna mbwa wanne. Akafikiri kidogo, akasema nitasikia baridi kitandani.

"Kuna blanketi la manyoya," nikamjibu.

Akatoka kwenda kutazama farasi. Alikaa huko mpaka chakula cha jioni.

Jumapili, 5 Machi

Milon, jirani yetu, ndiye mwanamume pekee wa safu ya mbele aliyebaki ameketi siku ile ya mahubiri. Leo kaamka kakuta mlangoni kijiti cha kusokotea sufu na bonge la sufu juu yake. Maana yake akae na wanawake asokote. Vijana walicheka njia nzima ya kwenda kanisani. Aubri hakucheka.

Na kisimani nimesikia yangu. Mke wa msaga unga alikuwa akisema yuko mwanamke huko Provins aliyemkatalia mumewe ruhusa, na sasa hakuna anayempa mkono wakati wa kutakiana amani kwenye misa. Alisema kwa sauti ya kutosha. Ndoo yangu ilikuwa haijajaa, nikaondoka nayo hivyo hivyo.

Basi hivi ndivyo alivyopanga mume wangu. Yeye abaki na sifa ya shujaa aliyezuiwa, mimi nibaki na dhambi. Hapana. Kama anaogopa, aseme. Akisema tu "Hersende, sitaki kwenda," nitakwenda kanisani mwenyewe nipige kelele kwamba siwezi kulala bila yeye. Wacheke wanavyotaka. Lakini aseme.

Ijumaa, 10 Machi

Bibi Ameline amenibana jikoni. "Mwanangu, acha mchezo. Mzuie huyo mjinga."

Nikamwambia nangoja aniombe.

"Baba yake alikufa hajaniomba hata chumvi," akasema. "Alikuwa akinyoosha kidole tu."

Tulicheka mpaka akafuta machozi kwa aproni. Kisha nikaona anaendelea kuyafuta.

Jumanne, 14 Machi

Jambo la ajabu. Siku tatu sasa Aubri hajataja paa wala mbwamwitu. Anakula. Jana alinipeleka shambani akanionyesha mtaro unaoziba kila vuli, na jinsi ya kuzungumza na msimamizi ili asinidanganye kuhusu ngano. Alieleza taratibu, bila kujishaua. Nikamtania kwamba anaongea kama mtu anayeandika wasia.

"Ndiyo," akasema. "Nimekwisha kuuandika."

Nikainama nikaanza kutoa majani mtaroni.

Alhamisi, 16 Machi

Amekwenda kivukoni. Peke yake. Mwenye mtumbwi anasema amevuka na kurudi mara saba, akatapika mara nne, akalipa, akashukuru.

Nimeishona upya ile misalaba — hapana, ni mmoja tu, sijui kwa nini nimeandika hivyo. Msalaba wake. Uzi ulikuwa umeanza kuachia.

Jumapili, 19 Machi

Wako chini. Padri Thierri, mashahidi wawili, Bibi Ameline na kiti chake. Nilisema napanda kuvaa kilemba, nikakaa kuandika.

Aubri amepanda. Ameketi juu ya kasha, magoti yake yanagusa yangu. Nilimuuliza, bila utani hata chembe: unataka nijibu nini?

Ameugusa msalaba begani. Kisha akasema, "Naogopa, Hersende. Naogopa maji. Naogopa kufa mahali usipopajua. Nilikuwa naomba ukatae."

Nikashusha pumzi. Wiki tatu nimeyangoja maneno haya. Nikataka kusimama nishuke nikakatae.

"Ngoja," akasema. "Sijamaliza. Bado naogopa vile vile. Lakini sasa nataka kwenda."

Nimemwambia hilo halikuwa katika mpango wangu. Akasema hata wake halikuwamo. Akatabasamu, na nimemwona kama alivyokuwa mwaka tuliooana, kabla ya tumbo na ng'ombe.

Padri anaita kutoka chini, kwa upole, mara ya pili. Bibi Ameline anamwambia amwache mwanamke avae. Nina majibu mawili, na yote mawili niliyaandaa nikiwa nataka kumshinda huyu mtu. Sasa ameushika mkono wangu wa kushoto, ndiyo maana ngozi hii ninayoandikia inateleza na mistari inakwenda kombo. Anasubiri nimalize kuandika. Hajawahi kusubiri nimalize.

Basi naendelea kuandika.