Dawa ya Mgongo wa Deo Haiko Njiani

Mama mpendwa,

Wasibota, waitu? Hilo goti limekuacha upande kilima cha kanisani, au bado linakuonea? Kahawa mmeshaanua? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya Ujerumani nimeizoea, ndizi zao ndizo zimenishinda: tamu, laini, hazifai hata kuonyeshwa sufuria.

Nimeamua kuandika, na Adela wa baba mdogo akusomee polepole, kwa sababu kwenye simu unaniwahi. Juzi uliniambia, “Koku, waitu, wazee wa ukoo wanakuja. Waambie tu dawa iko njiani, wamngoje Deo, musika wao, asimame aupokee urithi wa baba yenu.” Nikajibu tutaona. Hakuna cha kuona, Mama.

Najua Ijumbi nzima inasema Koku anapika dawa ya migongo. Kazi yangu ni hii. Tunao panya tunaowaumiza mgongo kwa makusudi, usinihukumu. Wakishakufa, naukata ule mshipa wa fahamu upitao ndani ya mgongo, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, navitia rangi na kuvitazama kwa hadubini. Natafuta protini za kinga ya mwili. Kwenye mgongo mzima ni chache. Penye jeraha zinawaka kijani kila mahali. Kinga inakuja kuzoa kilichokufa, lakini haijui kuacha, inaharibu hata nyuzi zilizosalia. Ni kama majirani waliokuja kuzima moto wa jikoni wakakanyaga migomba ya kibanja chote. Mwisho panabaki kovu, na miguu haipati tena habari kutoka kichwani.

Mwaka huu tulijaribu dawa ya kuzituliza protini hizo. Panya walipewa saa chache tu baada ya kuumia. Ule ukijani ukapungua kweli, nikarukaruka hadi profesa akanicheka. Halafu nikaangalia tuliyoandika juu ya panya wenyewe walipokuwa hai. Waliburuta miguu vilevile. Nililia palepale maabarani, mbele za watu. Na Deo wetu alianguka kutoka juu ya mti wa mshambya mwaka juzi. Hata tungefaulu kesho, dawa ingekuwa ya mtu aliyeanguka leo.

Kinachonitesa zaidi si panya. Adela ameniambia Deo amekikataa kile kiti cha magurudumu alicholetewa na watu wa parokia, kiko nyuma ya mlango, kuku wanatagia humo. Eti anasema, “Nikikikalia, dada atadhani nimekata tamaa, ataacha kazi.” Hataki hata kugeuzwa kitandani, eti dawa ikifika atajigeuza mwenyewe, na kidonda cha kiunoni, cha kulala muda mrefu, kimefika mfupani. Mama, mgongo haumuui mdogo wangu. Kidonda ndicho kitakachomuua, na atakufa akinisubiri mimi.

Kwa hiyo wazee wakifika, baba mdogo awasomee maneno haya: dawa haipo, na sioni ikija katika maisha ya Deo. Najua katika ukoo wetu musika huupokea mkuki wa baba akiwa amesimama mlangoni. Wakitaka, wampe akiwa amekaa kwenye kiti kile. Wasipotaka, kibanja cha marehemu baba wampe mwingine, sitabisha, sina nguvu za kubishana kutoka huku. Ila wasimwache kitandani kwa jina langu.

Nilijaribu kumwambia Deo mwenyewe. Nilimpigia, akanitangulia: “Dada, panya wameshatembea?” Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Mwambie wewe, Mama, kwa Kihaya, ukiwa umemshika mkono. Mimi nimeshindwa.

Nisalimie baba mdogo na mkewe, shangazi wa dukani Nshamba, na mjomba akirudi kutoka kisiwani Goziba mwambie sweta alilonipa ndilo ninalovaa. Adela, pole kwa kusoma haya kwa sauti.

Deo usimpe salamu zangu kabla hujamwambia. Akishajua, kama bado atazitaka, mpe.

Ni mimi mwanao,
Kokushubira