Kila Tukitafuta, Dalali Yuko Juu

Moshono, Arusha
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla hujasoma mbele, itazame bahasha. Nimeibandika kwa gundi, halafu juu ya gundi nikapitisha utepe wa plastiki. Kama umekuta utepe umeinuka hata ncha, basi jirani yako niliyempa ailete ameisoma njiani, na ujue hivyo unapoitikia salamu zake. Simu sikutaka. Ujumbe wako wa simu husomwa na mama mdogo, na mama mdogo akishasoma, Masasi nzima imesoma.

Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia au umeshaigawa? Nakujua wewe. Mikorosho imepulizwa salfa mwaka huu, au yule mtu wa mashine amewazungusha tena? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya Meru inaingia mpaka kwenye mifupa, lakini nakula na nalala. Mwenye nyumba wangu, Mmeru mpole kupita kiasi, ananiletea ndizi za kupika kila wiki. Bado sijajua anataka nini.

Sasa kaa chini, Mama. Nimemponza mtu. Amesimamishwa kazi kwa maneno yangu, na hana kosa.

Unajua kazi yetu. Ofisini tuko wanne pamoja na bosi, na tuna programu ya simu ya kuuza mifugo. Mfugaji wa huku miteremkoni anaandikishwa, na mnunuzi aliye mjini anaandika anachotaka, tuseme "mtamba wa maziwa Olmotonyi", anapata namba ya mfugaji mwenye ng'ombe jike mchanga wa namna hiyo. Mwenzangu Lemayani, Mwarusha wa hukohuko Olmotonyi, ndiye anayezunguka maboma kuandikisha watu. Mimi nakaa na kompyuta.

Mwanzoni utafutaji ulikuwa mateso. Mtu anaandika, programu inapitia tangazo moja moja mpaka mnunuzi anachoka, anaenda zake mnadani. Akikosea herufi moja, hapati kitu. Bosi akaniambia nitafute dawa. Nikapata injini ya utafutaji ya chanzo huria, yaani walioitengeneza wameiacha wazi, yeyote aichukue, aichungulie ndani, aitumie bila kulipa. Mama, umenilea wewe. Watu wasionijua wanipe kitu kizuri namna hiyo bure? Nilikaa wiki nzima naisoma nikitafuta mtego uko wapi. Nikaiweka kwenye mashine yetu wenyewe, nikaivizia kama inapeleka habari zetu kwa mtu. Haikupeleka. Na ina kasi ya kutisha: hujamaliza kuandika "mtamba", mitamba imeshajipanga mbele yako. Ukikosea herufi inakuelewa hivyohivyo.

Injini hiyo inakuachia uamue mwenyewe nani aonekane kwanza. Matangazo mawili yakilingana, lipi liwe juu? Mimi nikaweka kanuni kwamba mwenye mifugo mingi aanze. Niliona ndiyo akili, maana mwenye mingi hakosi cha kuuza. Kwa hiyo kwenye fomu ya Lemayani nikaongeza swali: una ng'ombe wangapi?

Wiki mbili hazijaisha, kila ukitafuta, juu kabisa yuko dalali mmoja wa Sombetini. Tafuta mtamba, yeye. Tafuta dume, yeye. Alijiandikisha mwenyewe kwa simu yake, akajaza ng'ombe mia mbili. Sombetini, Mama, nyumba zimebanana hata mbuzi hapati pa kugeukia. Nikashuka chini kwenye orodha, nikawakuta wafugaji wa Olmotonyi wamejazana huko mwisho, na kila mmoja ana ng'ombe mmoja. Mmoja, mmoja, mmoja, ukurasa mzima. Aliyeandika ni Lemayani.

Nikasema hapa kuna mchezo. Dalali anapigiwa simu na wanunuzi wetu, anapanda Olmotonyi, anachukua mtamba kwa bei ya kutupa, anauza mjini. Na Lemayani amewashusha watu wa kwao ili dalali apande. Nikaanza kumchunga. Akaja na buti mpya, nikaziandika kwenye daftari. Siku moja nikawakuta, yeye na dalali, wanakunywa chai mgahawani, wanaongea kwa sauti ya chini. Nikaandika na hiyo. Kisha akanijia mezani akasema, "Dada Somoe, lile swali la ng'ombe wangapi litoe."

"Kwa nini nilitoe?"

"Litoe tu. Watu hawalipendi."

Nikajisemea, asiye na hatia angeeleza. Nikakusanya picha za orodha na daftari langu, nikaenda kwa bosi. Bosi ni mtu wa Kusini kama sisi, ng'ombe anawajua kwenye sahani. Akamwita. Lemayani alisema neno moja tu, kwamba hajaiba, halafu akanyamaza. Akaambiwa akakae nyumbani mpaka aitwe. Nilivyoona amenyamaza, nilifurahi. Nakuambia ukweli wote, Mama, nilifurahi.

Jana nikapanda Olmotonyi mwenyewe kuandikisha wafugaji upya. Balozi wa nyumba kumi akaniambia mtu wa ofisini kwetu akifika pale hufikia kwa mama Lemayani, ndiyo kawaida yao. Nikasita. Baadaye nikaona afadhali, nikaone hizo hela za dalali zimejenga nini. Hazikuwa zimejenga kitu. Nilikuta nyumba ya mbao, migomba michache, na mama mtu mzima aliyenishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanipa kigoda na kikombe kikubwa cha maziwa.

Nikatoa simu, nikafungua fomu. "Yeyo," maana ndivyo wanavyomwita mama huku, "mna ng'ombe wangapi?"

Akanitazama kama nimemtukania watoto. Akasema, "Wapo."

"Wapo wangapi?"

"Wapo tu, mwanangu. Kunywa maziwa."

Nikajua hapa ndipo kwenye siri. Muda huohuo ng'ombe wakawa wanarudi kutoka malishoni, nikanyoosha kidole nianze kuwahesabu mmoja mmoja. Yule mama akaushika mkono wangu, akaushusha polepole mpaka magotini.

"Usifanye hivyo," akasema. "Ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole wala kwa mdomo. Ukitaja idadi unawaitia kufa. Mimi nikitazama tu najua nani hajarudi. Kwani nyumbani kwenu mama yako akiulizwa amezaa wangapi, anataja?"

"Sasa Lemayani alikuwa anaandikaje?"

"Mwanangu hajawahi kutuuliza. Alisema simu inalazimisha namba, hivyo anaandika mmoja kwa kila boma, tusijali. Kisha tukaona hatupigiwi simu, dalali ndiye anapigiwa. Mwanangu akamfuata kumsihi afute uongo wake. Dalali akamcheka."

Mama, nikaifunga fomu, nikaizima simu. Chai ile mgahawani ilikuwa hiyo. Aliyewashusha watu hawa hakuwa Lemayani, wala injini ya bure. Ni kanuni yangu. Watu wasiotaja mali zao niliwaweka chini, nikampandisha mwongo kwa sababu hana aibu ya kutaja. Na Lemayani asingeweza kusimama mbele ya bosi na kuanza kutaja ng'ombe wa watu wa kwao.

Yule mama akaendelea, "Kuna mtu hapo ofisini kwenu amemsingizia. Mwanangu hataki kunitajia jina. Wewe unamjua?"

Ningeweza kusema simjui. Nilifikiria, hata mlango niliutazama. Nikasema, "Ni mimi, Yeyo."

Hakunifukuza. Aliwatazama ng'ombe mpaka wakaisha kuingia. Kisha akasema, "Maliza maziwa. Mwenyewe anakuja, umwambie mwenyewe."

Lemayani akaja na fimbo begani. Nikamwambia yote, na daftari nikamwonyesha, mpaka ukurasa wa buti. Akausoma wote. Akaniuliza, "Miezi miwili tumekaa meza moja. Uliniuliza hata mara moja?"

Kanuni nimeshaifuta leo, na swali nimelitoa. Sasa anaanza aliye karibu na mnunuzi na aliyetangaza karibuni, na nikitafuta mtamba wa Olmotonyi, mama Lemayani yuko juu. Kesho asubuhi naingia kwa bosi kabla hajaketi, namwambia Lemayani arudi na mwenye kosa ni mimi. Akinifukuza, nitakuja kuokota korosho na wewe. Asiponifukuza, nitaketi tena meza moja na Lemayani, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Nisalimie Mjomba, umwambie mpwa wake bado anamheshimu. Nisalimie bibi mzaa baba na binti wa kaka aliyeanza shule. Mama mdogo msalimie, lakini barua usimpe. Uniombee kesho, Mama. Nina hofu.

Ni mimi mwanao,
Somoe