Mwandiko wa Achieng kwenye Barua ya Mama

Jumapili, Machi 1998

Ule si mwandiko wa Mama. Maneno ni yake, hata lile onyo la kutokula vyakula vya barabarani, lakini aliyeandika ni dada yangu Achieng. Mama hajawahi kumwachia mtu amwandikie barua yake. Na keshokutwa nasafiri kwenda Ghana, miaka miwili ya umisionari, na simu za nyumbani ni za kuhesabu.

Hapa kwenye chuo cha wamisionari Wamormoni wenzangu walikuwa wakipanga nguo huku wakiimba. Mimi hata kusali nilishindwa. Nikaenda kumwomba mkuu wetu ruhusa ya kupiga simu nyumbani, Tottenham, London.

Achieng akapokea. "Mama yuko kazini."

"Jumapili? Tangu lini?"

Nyuma yake nikasikia Mama akimwambia, "Lete hiyo simu."

Wiki mbili zilizopita aliteleza akishuka kwenye basi, akavunjika mkono wa kulia. Sasa umefungwa plasta, hawezi hata kufunga vifungo vya nguo. Walikubaliana wanifiche mpaka nipande ndege.

"Kwa nini, Mama?"

"Ningekuambia, ungekubali kuondoka?"

"Ningeondoka, Mama."

Akacheka, akanibariki, akasema sasa atalala kwa roho safi.

Siku nzima nimewashuku wao. Sasa najishuku mwenyewe, maana jibu lile lilinitoka haraka mno. Jumanne nitasafiri, hilo nimeamua. Lakini kile kicheko cha Mama...

Hapana, sikiamini kuwa kilikuwa cha furaha.